Kuoa na Kumwoa: Herufi Iliyomponza Bwana Harusi

Mara ya kwanza kuitazama sinema ya The Bachelor nilikuwa katika kibanda umiza kimoja cha Tandika, Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya karne hii. Walioviwahi vibanda hivyo hawahitaji kuelezwa: mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la nondo, joto lisilo na pa kutokea, na mfasiri mwenye kipaza sauti aliyemwaga Kiswahili chake juu ya Kiingereza cha waigizaji. Mfasiri wetu wa siku hiyo alikuwa hodari wa sinema za ngumi. Mapenzi hayakuwa fani yake, lakini alijitahidi.

Ikafika pale ambapo kijana Jimmie Shannon amemkalisha mchumba wake mezani, mahali pa fahari, mbele ya kisanduku cha pete. Binti, Anne, anangoja neno. Kijana anatokwa na jasho, anatafuta pa kuanzia, na mwishowe anatamka maneno mawili tu ya Kiingereza yenye maana ya “umeshinda”. Mfasiri alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Haya mama, nimekubali, yaishe!”

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mama muuza mihogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia lake, akatikisa kichwa, akasema: “Huyo hapati mke.” Na kweli hakumpata, angalau si jioni ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba mfasiri yule, ambaye jina lake sikulijua, alitoa tahakiki bora ya sinema ile kuliko niliyowahi kuisoma popote. “Yaishe” ni neno la kumaliza ugomvi. Hulisema mtu aliyechoka kubishana, anayetaka kwenda kulala. Aliyeposa kwa “yaishe” amemweka mchumba upande wa pili wa kesi, kisha akajitangaza kuwa ndiye aliyeshindwa. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini naliona kosa hilo kuwa la lugha kabla ya kuwa la moyo, na kwa nini, miaka mingi baadaye, lilinifuata hadi ukumbini kwangu, tena kwa sauti ya mtoto wa dada yangu.

Kwa ambao hawakuitazama sinema hiyo, kisa ni hiki. Baada ya posa kuharibika, babu yake Jimmie anafariki na kuacha wasia. Mjukuu atarithi dola milioni 100 kwa sharti kwamba awe ameoa kabla ya saa 12 na dakika 5 ya jioni ya siku atakayotimiza umri wa miaka 30. Siku hiyo ni kesho. Jimmie anarudi mbio kwa Anne, Anne anakataa. Basi anaanza kuwazungukia wanawake wote aliowahi kuwa nao, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wamwoe kabla jua halijazama. Mwimbaji Mariah Carey anaonekana humo kama mmoja wao. Mwishowe habari zinavuja, na barabara za San Francisco zinajaa wanawake waliovaa magauni ya harusi wakimkimbiza mtu mmoja.

Sinema hiyo ya mwaka 1999 haikuzua kisa hicho. Kimetoka katika Seven Chances ya Buster Keaton ya mwaka 1925, nayo ilitokana na tamthilia ya Roi Cooper Megrue iliyochezwa New York mwaka 1916. Kwa Keaton, fedha ni dola milioni 7, umri ni miaka 27, na saa ya mwisho ni saa 1 jioni. Msichana anaitwa Mary. Sinema inaanza na kijana anayeshindwa kusema kwamba anapenda: misimu inapita, kiangazi hadi theluji, na kila msimu yule mbwa mdogo aliye pembeni mwao anazidi kuwa mkubwa, ilhali neno lingali kooni. Kisha zinakuja habari za urithi na ulimi unafunguka, kwa vibaya. Anamweleza Mary kwamba ni lazima aoe leo, na katika kujieleza anaachia kwamba hata msichana yeyote angefaa. Mary anamfukuza.

Sitaifagilia sinema hiyo yote. Imo mizaha kuhusu watu weusi ambayo haikunichekesha wala haitanichekesha, ukiwamo ule wa bwana harusi kukimbia mara tu anapogundua kuwa mwanamke anayemfuata ni mweusi. Lakini kuna jambo moja linalonistaajabisha. Seven Chances ni sinema bubu. Hakuna anayesikika akisema lolote. Maneno machache huandikwa kwenye kioo na kupita. Hata hivyo, kisa chote, pamoja na maharusi wanaofurika kanisani na mawe yanayoporomoka mlimani yakimfuata bwana harusi, kimetokana na sentensi moja iliyosemwa vibaya. Sinema isiyo na sauti imejengwa juu ya uzito wa neno.

Sasa turudi katika Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kina chombo cha kuonyesha kosa hilo ambacho Kiingereza hakina.

Sisi husema “kuoa” na husema “kumwoa”. Tofauti yake kwenye karatasi ni kiambishi kimoja kidogo, -m-, ambacho mbele ya irabu huwa -mw-. Walimu wetu wa sarufi walituambia kwamba kiambishi hicho humwakilisha mtendwa. Ukisema “nataka kuoa”, umetaja hali unayotaka kuiingia, kama asemavyo mtu “nataka kuhama” au “nataka kupumzika”. Ndani ya sentensi hiyo hayumo mtu mwingine ila wewe. Ukisema “nataka kumwoa”, umelazimika kuwa na mtu akilini. Kitenzi chenyewe kinakataa kukamilika bila yeye, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: nani?

Jimmie wa Keaton anataka kuoa. Jimmie wa mwaka 1999 anataka kuoa. Babu zao, kwa wasia zao, wanawataka waoe. Mawakili wanahesabu dakika zilizobaki za kuoa. Katika kisa kizima hakuna anayetamka kiambishi kile mpaka mambo yamekwisha kuharibika. Mary na Anne hawakatai fedha, wala hawakatai haraka. Wanakataa kuwa nje ya kitenzi.

Nasema hawakatai haraka, kwa kuwa najua wengi wetu tutakimbilia methali: haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake, lakini hapa naiona imeitwa kwenye kesi isiyoihusu. Waswahili hatujawahi kuwa na ugomvi na ndoa za haraka. Tuna jina lake kabisa: ndoa ya mkeka. Wapo waliofungishwa ndoa hiyo baada ya kufumaniwa, na wapo walioitaka wenyewe kwa sababu ya safari au ugonjwa wa mzee. Mkeka unatandikwa, mashahidi wanaitwa kutoka msikitini, ndoa inapita kabla chai haijapoa. Wapo waliozeeka pamoja kutoka kwenye mkeka huo, na wapo waliochumbiana miaka minane wakaachana kabla ya mwezi wa nane wa ndoa. Saa ya ukutani haiwezi kutwambia lolote juu ya ndoa.

Wala wasidhani Watanzania kwamba kisa cha Jimmie kingewezekana kwetu kirahisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana kutoa taarifa angalau siku 21 kabla, isipokuwa wamepata kibali maalumu. Jimmie angefika kwa msajili na dola zake za ahadi, akaambiwa ajaze fomu na arudi wiki tatu baadaye.

Kuna pingamizi zito kuliko la haraka, nalo sitaki kulikwepa. Msomaji anaweza kuniambia: wewe unajitia mpole, lakini ndoa zetu lini zilikaa mbali na mali? Je, hatuna mahari? Hatuna kilemba cha baba na mkaja wa mama? Pwani yetu haina historia ya kuoza mabinamu ili shamba la minazi lisitoke nje ya ukoo? Yote hayo ni kweli. Posa ya Kiswahili ina daftari ndani yake, na mshenga mzuri ni yule anayejua kuhesabu.

Lakini tazama fedha zinaelekea wapi. Katika desturi yetu, na kwa Waislamu katika sheria pia, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Sura ya Nisaa inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Ndoa inapofungwa, kitu kinatoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Katika kisa cha Jimmie, fedha zinapita kwa mwanamke zikienda kwa mwanamume. Yeye ni daraja. Kinachotakiwa ni cheti chenye jina lake, na jina lolote litafaa. Hapo ndipo desturi zetu, pamoja na kasoro zake zote, zinapotofautiana na wasia wa babu yule. Na hapo ndipo nilipopatwa na aibu, siku mambo hayo yalipobisha hodi kwangu.

Mimi katika ukoo wetu ndiye mwandishi wa barua. Kila ukoo una mmoja. Kwa kuwa nilijulikana tangu ujana kwa kutunga mashairi, nimeandika barua za posa nisizoweza kuzihesabu, kwa wapwa, kwa wana wa jirani, hata kwa mtu mmoja niliyekutana naye ndani ya basi la Tanga. Usiku mmoja wa Alhamisi, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja nyumbani akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?”

“Nataka kuoa, mjomba.”

Nilifurahi. Nilimwita mke wangu aje asikie. Nilimuuliza kijana ni binti wa nani, akanitajia. Namfahamu, watu wa mtaa wa nyuma, binti mwenye adabu na kazi yake ya ushonaji. Nikamwambia aniachie karatasi, nimpangie barua kwa nafasi. Akasema nafasi haipo. Kikao cha ukoo wa baba yake kilikuwa kinakaa baada ya wiki tatu, na baba zake wadogo walikuwa wamesema wazi kwamba nyumba ya marehemu haipewi kapera. Akifika kikaoni akiwa na mke, atakabidhiwa funguo. Akifika peke yake, nyumba itaendelea kukaa mikononi mwao na kodi za wapangaji zitapokelewa na wao, kama ilivyokuwa kwa miaka sita tangu shemeji yangu alipofariki.

Nikaifungua ile karatasi aliyoianza mwenyewe. Ilikuwa kurasa mbili. Ya kwanza ilieleza nyumba: vyumba sita, ua, kisima, mahali ilipo. Ya pili ilieleza kikao na tarehe yake, na kuwaomba wazee wa upande wa pili wafikirie upesi. Neno “kuoa” lilikuwamo mara tano. “Kumwoa” halikuwamo hata mara moja. Jina la binti halikuwamo.

Nikakumbuka “yaishe”. Nikasikia kicheko cha kibanda.

Nilimwambia mambo mawili usiku ule, na la kwanza lilikuwa la mirathi. Katika lugha yetu tumechanganya maneno mawili yasiyolingana, “wasia” na “urithi”, na mchanganyiko huo unawaumiza watu. Wasia ni kauli ya mtu juu ya sehemu ya mali yake. Kwa Waislamu hauvuki theluthi, na kwa madhehebu ya wengi wetu wa pwani haupewi mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Urithi ni fungu lililokwisha kukatwa, halingoji kauli ya mtu. Babu wa San Francisco aliweza kumfunga mjukuu kwa sharti la ndoa kwa kuwa mali yote ilikuwa yake kuigawa apendavyo. Shemeji yangu hakuacha sharti lolote, na hata angeacha lisingekuwa na mguu wa kusimamia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumni yake. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume fungu mbili, kila binti fungu moja. Mbele ya mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu si warithi kabisa. Mtoto hurithi akiwa kapera, hurithi akiwa na mke, hurithi akiwa bado ananyonya.

“Hao baba zako wadogo,” nilimwambia, “wamekuwekea sharti katika mali isiyo yao. Kinachohitajika ni msimamizi wa mirathi na ombi katika Mahakama ya Mwanzo. Harusi haimo.”

Akanitazama kama aliyeambiwa jambo la mbali sana. “Mjomba, mahakama ni miaka. Harusi ni wiki tatu.”

Sikuwa na jibu la hilo. Jambo la pili nililomwambia ni kwamba barua ile sitaiandika. Nilimwambia arudi atakapoweza kuniandikia mistari mitatu juu ya binti mwenyewe isiyotaja nyumba.

Alikasirika. Alisema, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba watu wa mashairi tunaona maneno ni makubwa kuliko paa. Alisema anampenda yule binti, amempenda miaka miwili, na kwamba barua ni barua tu. Akaenda. Baada ya siku chache nilisikia kwamba amempata mwandishi mwingine, na barua ilipelekwa, imefungwa ndani ya kitambaa kama desturi inavyotaka.

Jibu lilirudi kwa mshenga kabla ya wiki kuisha. Wazee wa upande wa pili hawakuwa na neno baya. Walisema mtoto hajawa tayari. Lakini binti mwenyewe, ambaye habari za kikao zilikuwa zimemfikia kwa njia zake, alimtuma shangazi yake na maneno yasiyo ya kwenye barua: “Kama ni nyumba, akaipose nyumba.”

Tangu hapo nimelichambua jibu hilo mara nyingi kama ninavyochambua mstari wa shairi. Angeweza kusema kwamba hapendwi. Hakusema. Alitazama kitenzi, akaona mtendwa ni nani, akamrudishia mwenye kitenzi kitenzi chake. Binti yule hakusoma sarufi zaidi ya kidato cha nne. Aliisikia tofauti kwa sikio, kama alivyoisikia muuza mihogo wa Tandika.

Kikao kilikaa. Mpwa wangu alikwenda peke yake, na funguo hakupewa. Mwaka mzima alipanga chumba kimoja huku nyumba ya baba yake ikiwa imejaa wapangaji. Dada yangu hakunilaumu kwa mdomo. Lakini kila nilipomtembelea alinikaribisha chai, kisha akakaa kimya kirefu kuliko kawaida, na katika kimya hicho nilisikia swali: je, ingekugharimu nini kuandika kurasa mbili?

Sina uhakika kwamba nilitenda haki. Nasema hivi kwa kuwa ni rahisi kwa mtu anayeandika juu ya lugha kujipa ushindi katika visa vyake mwenyewe. Huenda barua yangu, kwa ufundi wangu wa miaka mingi, ingeifunika nyumba kwa maneno mazuri. Binti angekubali, funguo zingetoka, na leo wangekuwa na watoto. Ndoa ngapi njema zimeanza kwa barua zenye maneno yasiyo ya bwana harusi? Nami nimeziandika baadhi yake. Lakini ninachokijua ni hiki: kama ningeifunika nyumba ile, ningekuwa nimetumia Kiswahili kumdanganya mtu aliyekuwa na sikio la kukisikia. Usiku ule, baada ya kijana kuondoka, niliandika beti mbili badala ya barua. Sikumpa. Naziweka hapa.

Ukiwa wataka nyumba, kaidai barazani,
Hata wakikupa shamba, si mahari ya fulani,
Mja wa Mungu si kamba, ya kuvutia thamani,
Taja jina la mwandani, kabla hujataja nyumba.

Kuoa ni neno pana, halimgusi mwenyewe,
Ukilitaja bayana, yapasa jina litiwe,
Pasipo ‘m’ si ungwana, si yeye bali ni wewe,
Taja jina la mwandani, kabla hujataja nyumba.

Nimesema kwamba kosa ni la lugha kabla ya kuwa la moyo, na najua wapo watakaoona nimeyapindua. Watasema moyo ukiwa safi, ulimi utajirekebisha. Mimi naona mara nyingi ni kinyume. Sikilizeni jinsi tunavyozungumza sasa juu ya ndoa. Kijana akioa husemwa amevuta jiko. Akipata mchumba husemwa ameopoa, kama mvuvi au kama mtu aliyeokota kitu kilichozama. Katika misemo hiyo mwanamke ni chombo, au ni samaki, au ni bahati. Mahali pote yumo isipokuwa ndani ya kile kiambishi. Mpwa wangu hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa ameishiwa maneno ya kumtaja mtu, kwa sababu maneno yote aliyorithi kuhusu ndoa yalikuwa ya kupata kitu. Urithi huo nao tumemwachia sisi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita sinema kama The Bachelor upuuzi mtupu. Ni nyepesi, ndiyo, na mwisho wake unakuja kwa urahisi mno. Lakini jambo moja zimelishika sawasawa: katika zote mbili, ya 1925 na ya 1999, mwanamke aliyekataa neno baya ndiye anayeolewa mwishoni, na umati wa maharusi waliokuwa tayari kuolewa na fedha unabaki barabarani. Watazamaji wa kila zama wamecheka, nao wamejua ni kwa nini wanacheka. Kicheko cha Tandika kilikuwa hukumu.

Nimalizie kisa changu, kwa maana kimeendelea. Dada yangu mwenyewe, si mwanawe, ndiye aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo. Wanawe watatu wakasaini muhtasari wa kikao kipya, safari hii cha warithi, na wakamteua yeye kuwa msimamizi. Shauri halijaisha, baba wadogo wameweka pingamizi, na mpwa wangu alikuwa sahihi kwamba mahakama si wiki tatu. Nyumba bado si yao mkononi.

Lakini mwezi uliopita niliitwa barazani kwa dada yangu. Mshenga alikuwapo, na shangazi wa binti alikuwapo. Barua ya pili ilikuwa imepelekwa na kukubaliwa bila mimi kujua, na nilipewa niione kwa heshima tu, kama mjomba. Ilikuwa nusu ukurasa. Jina la binti lilikuwa katika mstari wa kwanza. Nyumba haikutajwa. Kijana alieleza kwamba ana chumba kimoja cha kupanga, na kwamba anamwomba kwa kuwa ni yeye.

Katika mstari wa nne aliandika “kumuoa”. Mimi nimezoea kuandika “kumwoa”, na nimewasahihisha wengi. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikaikunja barua kama ilivyokuwa, nikamrudishia mshenga.